Wazee wa baraza wasibebeshwe kosa la majumuisho

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako wa Ujiji aliandika katika ukurasa huu kwamba wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida wanaoketi na jaji kusikiliza kesi na kumpa maoni, ndio waliokuwa wakizivuruga kesi za mauaji, na kwamba mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, yaliyofanya wazee hao wasiwe wa lazima tena Mahakama Kuu, yametutua mzigo. Ushahidi wake ni mmoja: hukumu nyingi zilizotenguliwa na Mahakama ya Rufani zilitenguliwa kwa jambo linalohusu wazee wa baraza. Hilo ni kweli, wala sibishi. Ila kusema jambo lilihusu wazee si sawa na kusema wazee ndio waliokosea, na hapo ndipo mimi na ndugu yangu wa Ujiji tunapoachana njia.

Nijitambulishe kidogo ili mnipime. Nimestaafu reli. Nilikuwa stesheni masta kwenye njia ya Tabora kwenda Kigoma, na baada ya kustaafu nikaitwa katika sesheni kadhaa za kesi za mauaji kuwa mzee wa baraza. Mji, jaji na mwaka wa kesi nitakayoisimulia sivitaji, kwa kuwa waliohusika wengine wako hai na watoto wao wanasoma magazeti.

Kwa vijana ambao hawajawahi kutuona tumeketi pembeni ya jaji, mambo yalikuwa hivi. Kule Uingereza na Marekani, juri la raia, kwa kawaida 12, ndilo linaloamua kama mtu ana hatia au hana, na jaji kazi yake ni kuwaeleza sheria. Sisi hatukuwa na meno hayo. Kifungu cha 265 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama kilivyokuwa, kilitaka kesi zote za Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa wazee wawili au zaidi. Pande zote zikishafunga ushahidi, kifungu cha 298 kilisema jaji anaweza kuwajumlishia wazee ushahidi, kisha kila mmoja atoe maoni yake kwa mdomo, na jaji hafungwi na maoni hayo. Angalia sheria ilivyoandika: anaweza. Lakini Mahakama ya Rufani ilishikilia kwa miaka mingi kwamba kwa desturi ya mahakama zetu majumuisho hayo ni lazima, tena yawe majumuisho ya kweli.

Ya kweli maana yake nini? Jibu ni la zamani kuliko Uhuru. Mwaka 1954, katika shauri la Washington Odindo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema maoni ya wazee yanaweza kumfaa sana jaji, ila tu kama wazee wameyaelewa mambo ya kesi pamoja na sheria inayohusika nayo. Wasipoelezwa sheria, thamani ya maoni yao inashuka kwa kiasi hicho hicho. Mwaka 1982, katika shauri la Tulubuzya Bituro, Mahakama ya Rufani yetu wenyewe ikaenda mbele zaidi: wazee wakielekezwa vibaya kwenye jambo la msingi, kesi hiyo haihesabiki kuwa imesikilizwa kwa msaada wa wazee wa baraza. Na kama sheria ilitaka wawepo, basi hakuna kesi. Kwa hiyo nyingi katika zile hukumu anazozisema ndugu yangu zilianguka kwa sababu ya kitu jaji alichowaambia wazee vibaya, au ambacho hakuwaambia kabisa.

Sasa nisimulie moja.

Watu walivamia nyumba usiku, mume akakatwa panga akafa. Shahidi mkubwa alikuwa mjane. Alisema alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa tochi, na kwamba sura yake aliijua kwa kumwona mnadani. Wakili wa utetezi, kijana wa kupewa na serikali, aliuliza maswali ya dodoso, yale ya kumpima shahidi wa upande wa pili, kwa upole sana, na yakatoka mawili. La kwanza, tochi ilikuwa mikononi mwa wavamizi, nao waliingia wakimulika. La pili, balozi wa nyumba kumi alipofika kwenye yowe usiku ule ule, mjane hakumtajia jina la mtu yeyote. Jina lilikuja baadaye polisi.

Kukawa na mabishano juu ya maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yale aliyoandikisha polisi baada ya kuonywa, kama aliyatoa kwa hiari au alipigwa. Jambo hilo jaji hulisikiliza pembeni, shauri dogo ndani ya shauri kubwa, na wazee hutolewa nje ili wasisikie kitu ambacho huenda kikakataliwa. Tukakaa chini ya mwembe, maana katika mkoa wetu ukitolewa nje ya jengo lolote la serikali lazima utaangukia chini ya mwembe. Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima aliyewahi kukaa miaka katika mahakama ya mwanzo. Akaniambia, "Baba, wewe tochi ikikupiga usoni usiku, aliyeishika unamwona?" Nikamwambia naona mwanga tu. Akasema, "Haya. Kaa na hilo."

Ikafika siku ya majumuisho. Jaji alisoma vizuri, kwa sauti, tena kwa muda mrefu. Alirudia ushahidi wa kila shahidi tangu wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuongeza wala kupunguza: fulani alisema hivi, daktari alisema kifo kilitokana na kuvuja damu, mpelelezi alichora ramani. Mtu aliyeketi kwenye benchi za nyuma angesema kazi imefanyika. Kisha akafunga jalada na kutuambia tutoe maoni yetu.

Hakutuambia kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kuwa hakuua. Wala hakutuambia chochote juu ya utambuzi. Wakati huo tangu mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilishaeleza kwamba utambuzi wa kuona kwa macho ni ushahidi dhaifu sana, na mahakama isiuchukue mpaka imejiridhisha kwamba hakuna nafasi ya kukosea: shahidi alimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwa wa namna gani, alimjua kabla au hapana. Tena mahakama hiyo hiyo imekwisha kusema kwamba shahidi kumtaja mhusika mapema iwezekanavyo ndiko kunakompa uzito, na kuchelewa kumtaja bila maelezo kunatakiwa kumshtua jaji. Kwa maneno mengine, swali la yule mama chini ya mwembe lilikuwa ndilo swali la kisheria lenyewe. Alikuwa nalo kichwani. Hakuna aliyemwambia kwamba kesi nzima inasimama au kuanguka hapo.

Tulitoa maoni, tukatofautiana. Mshtakiwa akatiwa hatiani, na adhabu ya mauaji ya kukusudia nchini kwetu ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, hata kama kitanzi hakijatumika tangu miaka ya 1990. Akakata rufaa. Majaji wa rufaa wakafuta mwenendo wote wa kesi, wakaamuru ianze upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Wakati huo yule balozi alikuwa ameshafariki. Mjane akaitwa tena kusimama mbele ya watu asiowajua, asimulie mume wake alivyokatwa. Mshtakiwa muda wote huo yuko ndani, kwanza kama mfungwa wa kunyongwa, halafu tena kama mahabusu. Balozi ndiye aliyekuwa mtu pekee, nje ya familia, wa kusema kama usiku ule jina lilitajwa au halikutajwa.

Ndugu yangu wa Ujiji akisikia kesi hiyo atasema: mnaona, wazee wa baraza wameipeleka kesi miaka nyuma. Mimi nauliza, tulifanya nini pale zaidi ya kukaa na kusikiliza?

Kuna na aina nyingine ya kosa, hii karibu ichekeshe. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 177, ilituruhusu wazee kumwuliza shahidi maswali kupitia kwa jaji au kwa ruhusa yake, kwa ajili ya kupata ufafanuzi. Kudodosa si kazi yetu, hiyo ni kazi ya upande wa pili, na mzee wa baraza hana upande. Sasa zipo kesi zilizofutwa kwa sababu jalada linaonyesha wazee "walimdodosa" shahidi. Mara nyingi mzee aliuliza tu, "Mama, kutoka mlangoni hadi kitandani ni hatua ngapi?" na mwandishi wa mwenendo akaweka alama ya dodoso kama alivyoweka kwa mawakili. Nyingine zilifutwa kwa kuwa jaji aliwadokezea wazee msimamo wake kabla hawajasema, au mzee mmoja aliugua akaingizwa mwingine katikati ya safari ambaye hakuwasikia mashahidi wa mwanzo. Katika hayo yote hebu nionyesheni kosa la mzee.

Watu wengine hudhani uchafu huu ni wa kwetu kwa kuwa wazee wetu hawakusoma. Sivyo. Marekani mwaka 2002 kampuni kubwa ya ukaguzi wa mahesabu, Arthur Andersen, ilitiwa hatiani na juri kwa kuchana nyaraka za mteja wake Enron. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikaitengua hukumu ile, majaji wote kwa kauli moja, kwa sababu maelekezo waliyopewa juri hayakuwataka waridhike kwamba wahusika walijua wanatenda uovu. Kampuni ilishinda rufaa ikiwa imeshakufa, wafanyakazi wametawanyika. Uingereza ndio balaa zaidi. Mwaka 2016, katika shauri la Jogee, Mahakama ya Juu ilikiri kwamba tangu uamuzi mmoja wa mwaka 1984 sheria ilikuwa imepotea njia: kwa zaidi ya miaka 30 majaji walikuwa wakiwaeleza juri kwamba mtu aliyefuatana na muuaji anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji kwa sababu tu alitabiri kwamba mwenzake huenda angeua. Kutabiri, walisema mwaka 2016, ni ushahidi wa kupima nia, hakuwezi kuchukuliwa kuwa nia yenyewe. Waliokosea pale ni majaji waliobobea.

Lakini mfano wa Jogee una upande wa pili unaonipendeza. Kosa lile lilionekana kwa sababu lilisemwa kwa sauti, kesi baada ya kesi, likiwa limeandikwa neno kwa neno. Mawakili walilisikia, wakalibishia, wanachuo wakaliandikia, hadi likaanguka.

Hapa ndipo ninapomgeukia ndugu yangu kwa dhati. Kumwondoa mzee wa baraza hakuondoi kosa la kutoeleza sheria, kunaondoa mahali pa kulisikia. Jaji akiketi peke yake bado ni lazima ajielekeze kuhusu mwanga wa tochi, kuhusu maelezo ya onyo yaliyokanwa, kuhusu mshtakiwa anayesema hakuwepo eneo la tukio. Nakubali kwamba jaji wa peke yake huandika sababu zake kwenye hukumu, na juri haliandiki, hivyo wakubwa wa juu wana kitu cha kusoma. Hilo ni jambo kubwa na sitalidharau. Ila hukumu husomwa mambo yakiwa yamekwisha. Majumuisho yalikuwa yanasomwa kabla, mshtakiwa kizimbani anasikia, ndugu wa marehemu wanasikia, wakili anasikia na bado ana nafasi ya kuinuka na kusema, mheshimiwa, umesahau jambo la tochi.

Wakenya wao waliwafuta wazee wa baraza kabisa mwaka 2007. Sisi tumeacha mlango wazi, jaji akiona haja anaweza kuwaita, na nadhani wengi hawajautazama mlango huo vizuri. Kuna aina ya kesi ambayo, kwa maoni yangu, jaji hawezi kuimaliza vizuri bila watu wa mahali pale.

Chukulia kesi za kuua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa. Sheria ya Kanuni za Adhabu, kifungu cha 201 na 202, inasema aliyeua akiwa amepandwa na hasira ya ghafla kwa uchokozi, kabla damu haijapoa, hana kosa la mauaji ya kukusudia bali la kuua bila kukusudia. Tofauti yake ni kitanzi na kifungo. Uchokozi huo unapimwa kwa mtu wa kawaida, na kifungu cha 202 kinafafanua kwamba mtu wa kawaida hapa ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Haiwezi kuwa jamii ya Dar es Salaam, wala ya jaji aliyehamishiwa kwetu miezi michache iliyopita. Mtu akitukaniwa mama yake mbele ya wakwe huko Sikonge, au akiambiwa msibani mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemroga marehemu, uzito wa neno hilo pale, saa ile, anaujua nani? Kijana wa Kasulu na kijana wa Nzega hawachomwi na neno moja. Sisemi wazee watetee wauaji. Wako wenzangu waliokuwa wakali kuliko mwendesha mashtaka, hasa katika kesi za vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Walijua fika kwamba watu walipanga siku tatu na hasira ya ghafla ilikuwa ya kuzua. Hilo nalo ni kumsaidia jaji.

Ila wakiitwa, waelezwe. Kule reli, treni haikuondoka stesheni kwa dereva kuinuliwa mkono tu. Stesheni masta wa mbele anaulizwa kama njia iko tupu, anajibu, jibu linaandikwa kwenye daftari, linarudiwa kwa sauti kwenye simu ili aliyelitoa asikie lilivyopokelewa, ndipo dereva anapewa ruhusa mkononi. Wazee wa baraza hawakuwahi kuulizwa wamepokea nini. Jaji angeweza kuwaandikia karatasi moja ya maswali, kama ambavyo majaji wa Uingereza siku hizi huwapa juri maswali kwa mpangilio: je, mnaridhika kwamba shahidi alimwona aliyefanya? Kwa mwanga gani, umbali gani, muda gani? Kama hamridhiki, simameni hapo. Kama mnaridhika, je, alikusudia kuua au kudhuru vibaya? Wakili wa serikali na wa utetezi waione karatasi hiyo kabla haijasomwa, wabishane juu yake mapema, kisha iingie kwenye jalada.

Tena iandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hii haikuwa habari ndogo kwetu tuliokaa viti vile. Tulikuwa tunaelezwa kwa Kiswahili, jalada linaandikwa kwa Kiingereza, halafu majaji wa rufaa wanapima kama tulielekezwa sawasawa kwa kusoma kitu ambacho sisi hatukukisikia. Kunaweza kuwa na jaji aliyeeleza vizuri mno kwa mdomo akaonekana hakueleza, na mwingine kinyume chake.

(Posho ya mzee wa baraza sitaizungumzia leo, kwa heshima ya gazeti.)

Kwa hiyo ombi langu si kwa Bunge, wao wameshapita. Ni kwa mawakili wa Tabora na Kigoma, hasa vijana wanaopewa kesi za mauaji na serikali. Kigoma sasa wana Mahakama Kuu yao na hawangoji tena jaji wa Tabora apande treni. Mkiwa na kesi ya uchokozi, au ya utambuzi wa usiku, msingoje jaji akumbuke. Ombeni wazee wa baraza mapema, kabla mshtakiwa hajasomewa shtaka, mkieleza kwa nini kesi hii inawahitaji. Mkikubaliwa, andaeni rasimu ya maelekezo wenyewe, mumpe mheshimiwa na upande wa pili nakala. Mkikataliwa, basi ombeni kukataliwa huko kuandikwe pamoja na sababu zake, ili ionekane kwenye jalada kama mambo yatafika rufaa. Na ndugu yangu wa Ujiji, kama naye alikuwa mzee wa baraza, aandike hapa alielezwa nini siku ya majumuisho.

Stesheni masta mstaafu,
Isevya, Tabora
(jina langu Mhariri analo)